Kwa Waliomjua Mwalimu Mwavuli

Mwaka umetimia, Mwalimu, tangu uinamie viatu vyako pale ukumbini na usiinuke tena. Ulikuwa mwezi wa Mfungo Mosi kama huu, alasiri imeshaswaliwa, na majirani wengi walikuwa bado wamo katika funga ya sita ya baada ya Ramadhani. Mwanabaraka, mkeo, alikuwa jikoni akiloweka mbaazi. Alikuuliza bila kugeuka unakwenda wapi safari hii, na ulipokosa kumjibu hakushtuka, kwa sababu kutojibu ndiyo ilikuwa kawaida yako. Ukijibu, ulisema "huko huko", basi. Alipotoka na bakuli mkononi ndipo alipokukuta umeegemea ukuta, kiatu cha kulia umeshakivaa, cha kushoto kiko mkononi.

Tunaoandika haya ni familia yako, na tunaandika kwa amri ya Mwanabaraka. Ametuambia tusikupambe. Anasema wewe uliyesahihisha insha za watoto wa watu maisha yako yote ungeitambua sifa ya kubandikwa tangu mstari wa kwanza. Kwa hiyo tutasema mazuri yako, nayo ni mengi, na tutasema pia lile lililomfanya akukasirikie ukiwa umeshalala kaburini. Hilo naye ametaka lisemwe. Mwanzoni tulikataa, lakini unamjua mwenyewe, akishaamua jambo hakuna wa kumrudisha nyuma.

Ulizaliwa Mji wa Kale, katika nyumba hii hii yenye ngazi nyembamba ambazo kila bibi harusi wa ukoo wetu amewahi kuzikwaa. Kazi ya kwanza ulipelekwa bara, upande wa Kaloleni. Ukaenda kijana wa mjini anayeogopa nyoka, ukarudi unasema Kigiriama kuliko waliokupeleka, na kuku wawili wa zawadi kwapani. Kisha ukafundisha kisiwani, shule moja baada ya nyingine, na kila ulipokwenda uliomba darasa la kwanza. Wenzako walikimbilia madarasa ya juu, wakapanda, wakawa wakuu wa shule. Ukuu uliletewa zaidi ya mara moja ukaukataa. Ulisema mtoto anayejua herufi moja tu ndiye anayemhitaji mwalimu, wale wengine wanahitaji kusukumwa tu.

Ulipostaafu wakakuaga kwa keki na saa ya ukutani. Kesho yake ukaamka alfajiri, ukaswali, ukanyoa ndevu, ukavaa shati lililopigwa pasi, ukachukua mwavuli wako mweusi na kutoka. Mwanabaraka alidhani umesahau kuwa umestaafu. Alikukimbilia mpaka mlangoni na leso yake kichwani, akakuita: "Kamaludin, wewe huna shule tena!" Ukamwinulia mwavuli kidogo, ukaendelea na safari yako. Mwavuli wenyewe hukuuacha masika wala kiangazi. Watoto wa mtaani walikuwa wakikuuliza mvua iko wapi, nawe ukiwajibu kuwa iko njiani.

Vituko vyako twavikumbuka. Kahawa yako ilikuwa chungu kiasi cha kumfanya mgeni akohoe. Ulikuwa na kaida ya kupiga alama ya vema hewani kwa kidole, kama vile mbele yako kuna daftari. Mahamri yakitoka laini, vema. Mjukuu akisalimia vizuri, vema. Samaki akizidi chumvi, kosa, na Mwanabaraka alikuwa akikutishia upawa. Hukuwahi kulala na kinyongo na mtu, na hili tunalisema kwa kuwa tulikuchokoza sana.

Lakini siku nzima ulikuwa wapi? Mtaani tuliyaona machache. Nani asiyejua kuwa ulikuwa ukikaa na wagonjwa hospitalini mpaka jamaa zao wafike, au kuwa mjane akihangaika na mirathi hukumwacha aende ofisini peke yake? Mengine uliyaficha. Ulisema jema likishatangazwa linapoa. Simu aliyokununulia binti yako Aida ilikaa kabatini imezimwa, ukidai kuwa mwenye haja nawe anajua pa kukupata. Tulijua tu kuwa huko huko kuna watu, na kwamba watu hao wanakupenda, kwa sababu ulirudi na mapapai, korosho, mara moja pweza mbichi ndani ya mwavuli uliokunjwa.

Mwanabaraka alikuwa akikugawana na mji mzima na hakujua ni nani anagawana naye. Mchana alikula peke yake. Sahani yako aliifunika kawa, akaipasha moto, akaifunika tena. Hakulalamika mbele za watu. Alijiambia kuwa ana mume anayetakikana, na upweke wake ni mchango wake katika kazi yako, na kwamba siku moja atawaona hao watu kwa macho yake. Siku gani, hakusema. Tunadhani kila mtu wa umri wake anaijua siku hiyo.

Siku hiyo ilipofika, mpwa wako Fahmi alipeleka jina msikitini kama inavyofanywa siku zote kwetu, jina lako, la baba na la babu. Kipaza sauti kikatangaza msiba wa Kamaludin bin Ishaq bin Fahmi, na tangazo hilo hilo likasambazwa kwenye simu za watu. Ulizikwa asubuhi iliyofuata. Mwanabaraka aliomba wamwache dirisha la ghorofani, akalifungua ubao mmoja, akatazama chini.

Walikuja majirani. Walikuja wa msikitini, na walimu wenzako wazee watatu wanne wanaotembea kwa bakora. Mungu awalipe wote. Lakini mtaa haukujaa. Jeneza lilipopinda kona, watu nao wakaisha papo hapo, na mwenye mkokoteni wa maji akapita kando yao bila kulazimika kusimama. Mwanabaraka alingoja. Alidhani wengine wanakuja kwa nyuma, wamechelewa, wametoka mbali. Kisha akafunga ule ubao wa dirisha na kuwauliza wanawake waliokuwa naye, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hawa ndio wote?"

Siku za matanga kila aliyemshika mkono alimuuliza, "Wewe ulimjua wapi?" Wote walikuwa wa hapa hapa. Katika eda akakataa kukaa juu. Akatandika mkeka wake chini, karibu na mlango, akasema ngazi zinamchosha, na sisi tulijua kuwa ngazi hazimchoshi. Alikuwa akisikiliza hodi. Hodi ya muuza mkate, hodi ya jirani anayerudisha sufuria, hodi ya mtu aliyekosea nyumba. Miezi ile ikaisha hivyo. Watu wa huko huko hawakuja, hata mmoja.

Hapo ndipo moyo wake ulipogeuka, Mwalimu. Alianza kukuona mjinga. Tulimsikia akisema walikutumia wakakusahau, na kwamba yeye alikaa peke yake miaka yote hiyo ili watu wasio na shukrani wapate mwalimu wa bure. Hakulisema kwa hasira, alilisema huku akikunja nguo zako za kutoa sadaka. Lilimuuma kuliko kifo chenyewe, kwa kuwa kifo ni amri ya Mungu, lakini hili la kudhani kuwa maisha yenu yote wawili yalipotea bure hakujua amlalamikie nani.

Aida alikuwa akimtaka siku nyingi ahamie kwake Bamburi. Alikuwa akikataa kila mara. Safari hii akakubali kabla Aida hajamaliza sentensi. Chumba kikapakwa rangi. Mtu mmoja akapatikana wa kuichukua nyumba hii aifanye ya wageni wa kulala. Mwanabaraka akasema atangoja hitima ya mwaka tu, kisha afunge mlango, asirudi. "Ntamngoja nani hapa?" akasema. Fahmi alipomuuliza kama tuweke kumbukumbu gazetini, alijibu kuwa wa kuisoma hayuko.

Siku chache kabla ya Ramadhani kuingia, Jumamosi moja asubuhi, Aida alimvuta wakanunue samaki Liwatoni. Ilikuwa ni kumtoa nje tu, apate hewa. Wakapanda tuktuk, wakanunua changu, wakampelekea mwanamke anayeparia watu samaki penye meza za mbao. Mbodze ndilo jina lake, mwanamke wa makamo, aproni ya plastiki imejaa magamba mpaka kidevuni. Alipara, akapasua, akaosha, akatia samaki mfukoni. Kisha akainua kisu, akapiga alama ya vema hewani.

"Vema! Anayefuata!"

Mwanabaraka hakuondoka. Aida alishaanza kutembea, ikabidi arudi.

"Mwanangu," Mwanabaraka akasema, "hebu fanya tena ulivofanya."

"Nini, mama?"

"Hivo, kwa kisu."

Mbodze akacheka. "Aa, hii? Hii ni alama ya mwalimu wetu, Mwalimu Mwavuli. Ukisoma vizuri akupigia vema hewani, maana vitabu hatukuwa navyo. Sasa imenikaa mkononi, hata samaki nawapigia."

"Na yuwapi huyo mwalimu?"

Uso wa Mbodze ukafunga. Akageuza samaki wa mteja mwingine, akaanza kumpara kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Usiniulize huyo. Ametutupa. Karibu mwaka sasa hatujaona hata ncha ya mwavuli wake. Kila jioni alikuwa hapa, pale kwenye ile kreti. Hakusomei karatasi yako, hata ulie. Akuuliza, 'Nionyeshe herufi unayoijua.' Moja tu. Kesho ya pili. Hivyo hivyo mpaka kadi ya kliniki ya mtoto wangu nikaisoma mwenyewe, nikalia. Basi siku moja hakuja. Na ya pili hakuja. Muulize Kiti, yeye ndiye aliyemkasirisha."

Kiti alikuwa amesimama karibu, mchukuzi mwenye mvi, kipande cha gunia begani. Yaonekana neno hilo alikuwa ameshalisikia mara nyingi, kwa maana hakujitetea.

"Nilimwambia kichwa changu kigumu," akasema. "Nilimwambia, mzee, wacha kunihangaikia, nenda nyumbani kwako ukapumzike. Nilikuwa nimechoka siku hiyo, nimebeba tangu asubuhi. Akakunja mwavuli, akaniambia tutaonana kesho. Kesho yenyewe hakuja. Nikajua nimemuudhi."

Aida akafungua kinywa. Mwanabaraka alimshika kifundo cha mkono, akauliza yeye.

"Na hamkumtafuta?"

"Tungemtafuta wapi, mama?" Mbodze akaweka kisu chini. "Jina lingine hatumjui. Kwake twajua ni Mji wa Kale, lakini alitukataza kwenda. Alisema mke wake ni mgonjwa wa moyo, kila hodi yamshtua, daktari ataka nyumba iwe kimya. Sasa wewe utakwenda kumuua mke wa mtu? Tukamwacha. Tukawa twamwombea tu huyo mama. Mimi kanisani, na wenzetu wa hapa, kina Kadenge, msikitini kwao. Miaka na miaka. Hata juzi nimemwombea. Nilikuwa nikisema labda amezidiwa, ndiyo maana mzee haji."

Mwalimu, turudi nyuma kidogo, kwa faida ya wasomaji. Ni kweli kwamba mwaka ule ulipostaafu Mwanabaraka aliugua moyo. Ni kweli kwamba daktari alitaka kimya, na kwamba hodi zilikuwa nyingi, watu wakikufuata mpaka ukumbini na karatasi zao, yeye akiwa kitandani asiwaone. Kumbe uliwaambia wote wasije tena, wewe utawaendea. Ulifanya vizuri. Lakini Mwanabaraka alipona. Hata mwaka haukwisha, alishapanda ngazi akiimba, na tangu hapo amepika pilau za harusi za nusu ya mtaa huu. Kila mtu aliliona hilo. Wewe mwenyewe uliona, ukampigia vema. Kisha ukasahau kuwaambia watu wako kuwa amepona. Ulifunga mlango ili apumzike, akapumzika, na hukukumbuka kuufungua.

Ndivyo ilivyokuwa. Upande mmoja wa mji watu walikuwa wakimwombea mwanamke asiyejua kuwa anaombewa. Upande wa pili, kwenye mkeka karibu na mlango, mwanamke huyo alikuwa akiwalaani kimoyomoyo kwa kutopiga hodi.

"Mimi ndiye mke wake," Mwanabaraka akasema. "Sina ugonjwa."

Mbodze alimtazama, akamtazama Aida, akarudi kwake.

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu alikufa, mwanangu. Mfungo Mosi. Baada ya alasiri, alikuwa akivaa viatu. Nilikuwa sijui aenda wapi." Akavuta pumzi. "Alikuwa aja kwenu."

Mbodze alipiga yowe moja, mikono kichwani, magamba yakamwagika. Watu wa meza za jirani wakaacha visu. Kiti hakupiga yowe. Alikaa chini pale pale kwenye saruji iliyolowa, akamuuliza Mwanabaraka swali lililomkaa kooni mwaka mzima.

"Basi hakunikasirikia?"

"Alikuwa ameshavaa kiatu kimoja," akamjibu. "Mtu aliyekasirika havai viatu kukufuata."

Kiti akajifunika uso kwa gunia lake, na mabega yake yakawa yakitikisika. Mbodze akazunguka meza akamkumbatia Mwanabaraka na aproni yake ile ile, akimwambia pole, pole mama, tusamehe, hatukujua. Mwaka mzima Mwanabaraka alikuwa akiingoja pole hiyo, na ilipokuja ilimbidi yeye ndiye ambembeleze aliyeileta. Magamba yalibaki kwenye buibui lake. Ndani ya tuktuk Aida alitaka kumpangusa, akamwondoa mkono.

Wakafika nyumbani. Mwanabaraka alipanda ngazi, akaingia chumbani kwenu, akafunga mlango, na Aida akiwa chini na mfuko wa samaki alimsikia akikuteta. Alikuita kwa jina lako, siyo Mwalimu, siyo baba Aida. "Wewe Kamaludin! Mimi nimepona zamani! Wewe si wajua nimepona? Kwa nini hukuwaambia?" Alisema kuwa miaka yote hiyo angeweza kuwa na wanawake wa kuja kukaa naye, wakapara samaki pamoja, wakacheka, wakamwona kuwa yu mzima. Kwamba ulimpa kimya ambacho hakukitaka, ukaona umemtendea hisani. Kwamba wewe na hisani zako ni mzigo mzito. Aliteta mpaka sauti ikamkauka. Kisha akalia. Siku za matanga hakulia hivyo, alikuwa amekaa mkavu, na wengine walimsema vibaya. Siku hii alilia kama mjane. Aida alikaanga samaki huku akilia naye, kila mmoja na ghorofa yake.

Usidhani tumekuandikia haya ili kukulaumu. Hapana. Mwanabaraka mwenyewe aliposhuka, macho yamevimba, aliagiza kahawa yako chungu, akainywa yote, akakohoa. Akasema, "Hakuwa mjinga." Akasema tena, "Walikuwa hawajui tu." Tangu siku hiyo hajakuita mjinga. Mkaidi amekuita, na msahaulifu, na mengine ambayo hayafai gazetini.

Fahmi na Aida wakaenda kutafuta mtu wa mwavuli kwingineko. Makupa, penye malori, wapakiaji walikuita Mzee Kalamu. Walidhani umehamia bara kwa wanao. Mwembe Tayari, ambako tumeambiwa ulikuwa ukikaa na kina bibi wanaongoja mabasi ya kwenda mbali, ili wasipandishwe basi lisilo lao, ulikuwa Babu wa Basi. Joy anayeuza chai pale hakutuuliza kwanza sisi ni nani. Alipoonyeshwa picha yako aliuliza, "Mke wake anaendeleaje?" Aida ikabidi ageuze uso.

Hata mmoja wao hakujua Kamaludin bin Ishaq ni nani. Wengine walisikia tangazo lile likisomwa kwenye simu ya mtu, wakasema Mungu amrehemu, wakaendelea na kazi. Walikuwa wakikungoja wewe huku wakimwombea rehema mtu wasiyemjua.

Mwanabaraka amekataa kwenda Bamburi. Aida alijaribu. Alimwambia, "Mama, chumba kimeshapakwa rangi." Akajibiwa kuwa rangi haichachi. Akamwambia kuwa nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, na hilo ni kweli. Ni kubwa. Jioni bado anaandaa sahani mbili kwa mazoea, kisha anairudisha moja. Usingizi wake umekuwa mwepesi. Upande wako wa kitanda hakuna anayeulala, hata wajukuu wakija huwapeleka chumba kingine. Hatutakudanganya kuwa habari za Liwatoni zimemwondolea hayo. Kumjua mtu aliyekupenda siyo kuwa na wewe. Ila sasa akisema "sisi tuliofiwa" anawataja watu wengi zaidi, na sauti yake haitetemeki kama zamani.

Jambo moja ndilo linalomtisha. Anasema huenda wamechelewa, wao na yeye. Kwamba watu wanaochapa kazi mchana kutwa hawatapata nafasi ya kuja kukaa na bibi kizee kwa ajili ya marehemu wa mwaka jana. Kwamba watasikia habari hizi, watasikitika, na mlango utabaki vile vile. Ndiyo sababu ametaka tangazo hili litoke, ingawa alisema hakuna wa kulisoma, na litoke kwa majina yako yote, na picha ile yenye mwavuli. Litabandikwa Liwatoni penye meza za samaki, Makupa penye malori, na Mwembe Tayari kwa Joy. Mbodze amesema wasiojua kusoma atawasomea yeye, kisha akajisahihisha. Atawauliza kwanza wamwonyeshe herufi wanayoijua.

Basi na ijulikane. Kamaludin bin Ishaq bin Fahmi, aliyeitwa Mwalimu Mwavuli, Mzee Kalamu na Babu wa Basi, ni mtu mmoja, na amefariki. Hakumkasirikia mtu. Hakuhama. Hitima yake itasomwa Ijumaa hii baada ya alasiri nyumbani kwake, Mji wa Kale, na baada yake itapikwa kahawa ya kila mtu, Mwislamu na Mkristo, aliyesoma na aliyebakia kwenye herufi ya kwanza. Fahmi atasimama kwenye kona ya mtaa kuwaonyesha wageni njia.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi ni mkeo Mwanabaraka, binti yako Aida na mumewe Dzoro, mpwa wako Fahmi, na wajukuu zako Shifa na Ishaq, ambao wanabishana mpaka leo ni nani uliyempigia vema nyingi zaidi. Mwanabaraka ameagiza tuwaongeze Mbodze na Kiti, na tumewaongeza. Mungu akulaze pema, Mwalimu wetu. Maadamu tuko hai utatajwa katika nyumba hii, kila siku, hata siku Mwanabaraka atakazokuteta.

Maneno yaliyobaki ni yake mwenyewe, kwa watu wako, na ametukataza kuyagusa:

"Mimi ndiye mke wa Mwalimu. Mliniombea, na nilipona zamani, yeye alisahau kuwaambia. Nakaa chini, karibu na mlango. Pigeni hodi."